Mashine ikisoma 17, usianze na "umekula nini?"

Nyumba zenye kijana mwenye kisukari, kuanzia barabara za Ngamiani hapa Tanga hadi Pongwe na Muheza, zina swali moja linalorudi asubuhi na jioni: "Umekula nini tena?" Huulizwa mashine ya kupimia sukari ya damu ikisoma 17.4 (mmol/L), na huulizwa kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari. Kijana anayejichoma insulini na kujitoboa kidole kila siku ya Mungu, akilisikia swali hilo kwa miaka miwili mitatu, anaelewa kwamba namba ni kesi na yeye ni mshtakiwa. Njia za kutoka kwenye kesi anazo mbili: aache kupima, au apime halafu aandike namba nyingine. Wengi huzijaribu zote.

Ninaowazungumzia hapa ni vijana wa miaka 12 hadi 19 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wale ambao bila insulini hawaishi. Msongo wa mawazo walio nao una sababu nyingi, lakini kwa maoni yangu fungu kubwa tunalitengeneza sisi watu wazima wa nyumbani, shuleni na kliniki, kwa namna tunavyoipokea ile namba. Na fungu hilo linapungua bila mtu kununua kitu.

Sukari hupanda bila mtu kula

Aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inapoziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Haiji kwa kulamba sukari wala kwa soda, hata kama jirani ana ushahidi wake.

Kinachowachanganya wazazi zaidi ni balehe. Homoni ya ukuaji na homoni za uzazi huufanya mwili uipinge insulini, kwa hiyo mahitaji hupanda. Mtoto ambaye hajabalehe kwa kawaida hutumia kati ya uniti 0.7 na 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Katikati ya balehe hufika 1 hadi 1.5, na wengine hukaribia 2. Chukua kijana wa kilo 45 aliyekuwa akitumia uniti 36 kwa siku: anaweza kuhitaji 54 pasipo kubadilika hata kijiko cha chakula chake. Kama dozi yake haijaguswa tangu mwaka jana, atasoma 15 na 18 kila asubuhi, atasemwa kwa ulafi, naye atajiona mwovu kwa sababu ameota ndevu.

Msongo wenyewe nao hupandisha sukari. Ukiogopa au ukikasirika, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, na ini hutoa sukari iliyohifadhiwa ili misuli iwe tayari kukimbia. Kongosho zima hujibu kwa insulini, mambo yakaisha. Kwa kijana huyu hakuna wa kujibu, kwa hiyo ugomvi wa asubuhi juu ya namba unaweza kuizaa namba mbaya ya mchana. Lakini si kila mmoja hupanda. Yupo ambaye siku ya mtihani tumbo humfunga, ameshachoma insulini, chakula hakipiti, na saa 4 asubuhi anatetemeka akiwa na 2.9. Ndiyo maana hali ya mtoto haikisiwi kwa kumtazama usoni. Hupimwa.

Yapo na mengine: maambukizi yoyote, kuanzia malaria hadi jino bovu, siku chache kabla ya hedhi, na zile homoni za alfajiri zinazoipandisha sukari kati ya saa 10 usiku na saa 2 asubuhi hata kwa aliyelala na njaa. Kisha mawili ambayo mzazi anaweza kuyaona kwa macho yake mwenyewe, na ambayo huku pwani yanastahili kukaguliwa kabla ya yote.

La kwanza ni kichupa cha insulini. Kichupa kisichofunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa hudumu wiki nne hivi kikiwa mahali penye ubaridi, pasipozidi nyuzi 25 hadi 30. Januari hadi Machi Tanga, chumba chenye bati bila dari hupita hapo kabla ya adhuhuri, na kijisanduku chini ya kiti cha bodaboda sitaki hata kukitaja. Wasio na friji hutumia mitungi miwili ya udongo, mmoja ndani ya mwingine, mchanga kati yao, mchanga ukimwagiwa maji asubuhi na jioni, mtungi ukiwekwa kivulini penye upepo. Hufanya kazi, ila ujue kwamba ubaridi wake unatokana na maji kukauka, na wakati wa masika hewa yetu ikiwa imejaa unyevu maji hayakauki upesi, hivyo mtungi hupunguza nyuzi chache tu. Aliye na friji asiweke kichupa karibu na barafu, maana insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana salama. Insulini iliyo angavu ikiwa na ukungu, au ile ya maziwa ikiwa na mabonge yanayong'ang'ania kioo, itupwe. Na ile ya mchanganyiko, 70/30, kichupa kizungushwe taratibu kati ya viganja na kupinduliwa, mara kumi kumi. Asiyezungusha huvuta leo nyingi ya haraka, kesho nyingi ya polepole, halafu watu wanauliza alikula nini.

La pili ni ngozi. Pitisha vidole pale anapochomea. Kijana huchagua sehemu isiyouma, na isiyouma ndiyo iliyokwisha kuota kinundu cha mafuta. Insulini ikiingia humo hunyonywa kwa kubahatisha. Akihamia kwenye ngozi nzima siku za mwanzo sukari inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo apimwe zaidi siku hizo na kliniki iambiwe.

Kwa hiyo mpangilio wangu mashine ikisoma juu ni huu: anajisikiaje, dozi ilichomwa lini na ngapi, kichupa kikoje, ngozi ikoje, kuna homa au maumivu. Chakula kije mwisho. Na kama namba imepita 14 na anatapika, tumbo linauma, anahema kwa kina au pumzi ina harufu kama ya matunda, maswali yaishe. Hizo ni dalili za ketoni, yaani tindikali inayojaa kwenye damu insulini ikipungukiwa, na ni hospitali saa hiyo hiyo. Hata kama hali chochote, insulini haiachwi kabisa.

Daftari safi kupita kiasi

Ukurasa wa kweli wa daftari la sukari haupendezi. Una tone la damu lililokauka pembeni, kalamu tatu tofauti, Jumamosi iliyorukwa, 3.2 hapa na 19.6 pale. Ukurasa wa kutunga umeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja usiochoka, usiku wa kuamkia kliniki. Namba zote ziko kati ya 6 na 9, nyingi zikiishia na .0 au .5. Halafu kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, kinarudi 11, yaani wastani wa karibu 15.

Wahudumu wengi hulitambua daftari hilo kabla halijafunguliwa vizuri. Kosa ni kumwaibisha kijana mbele ya foleni. Madhara ya namba za uongo ni makubwa kuliko aibu, na kijana aelezwe kwa utulivu yanavyokuja. Akiandika nzuri zisizo za kweli, dozi aliyotakiwa kuongezewa haiongezwi. Lipo la hatari zaidi: haruki kupima, anaruka kuchoma. Sukari iko juu, daktari anaongeza uniti, anaongeza tena. Siku bibi anapokuja kutoka Pangani na kusimamia kila sindano, dozi yote iliyoandikwa inaingia mwilini kwa mara ya kwanza, na usiku kijana anaanguka na 1.8.

Dawa yake ni kuifanya namba mbaya iwe salama kutamkwa. Haya ni mazungumzo ya aina ninayoyaona yanafaa:

"Ahsante kwa kupima, mwanangu. Inasema ngapi?"

"Kumi na saba nukta nne, mama."

"Haya. Unajisikiaje? Kichefuchefu, tumbo?"

"Hapana, kiu tu."

"Sindano ya asubuhi ilikwendaje?"

"Nilichelewa. Nikachoma na kula hapo hapo."

"Basi tumejua. Kunywa maji, na jioni tuchome nusu saa kabla ya chakula."

Chakula hakikutajwa kama kosa, na sababu imepatikana ndani ya dakika moja, kwa kuwa hiyo insulini ya 70/30 ya kawaida inahitaji hiyo nusu saa ya kutangulia. Shukrani imekuja kabla ya namba kujulikana. Hilo ni la makusudi, maana likija baada ya namba linakuwa tuzo ya namba nzuri.

Mazungumzo ya sukari yawekewe mipaka. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, basi. Mtoto akirudi shule na "shikamoo" yake, aitikiwe "marahaba, za shule?" kama ndugu zake, na sukari isubiri. Na maneno ya aina ya "unataka kuniua wewe" au "ukikatwa mguu usinililie" yaondoke kabisa. Kijana aliyetishwa na kukatwa mguu hapimi zaidi. Anakwepa kila kinachomkumbusha mguu, mashine ikiwemo.

Kwa wenye stripu chache za kupimia, ugomvi wa kupima hupungua pakiwa na utaratibu. Ukiwa na mbili kwa siku, leo pima kabla ya chai na kabla ya chakula cha jioni, kesho kabla ya chakula cha mchana na wakati wa kulala, halafu rudia. Baada ya siku chache unaona mwendo wa siku nzima. Zibaki tatu nne pembeni kwa siku za ugonjwa. Akihisi dalili za kushuka na stripu hakuna, atibiwe kama ameshuka.

Nani ashike nini

Kuna kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa. Mtoto akifika kidato cha kwanza, anaambiwa "sasa umekuwa mkubwa," anakabidhiwa kila kitu siku moja, na mzazi anabaki kuwa mkaguzi. Vijana waliokabidhiwa mapema mno huharibikiwa sukari mara nyingi kuliko wale ambao mzazi amebaki karibu. Uzoefu huo umeonekana nchi nyingi, na sioni kwa nini Tanga iwe tofauti.

Akiwa na miaka 12 au 13, mtu mzima aione kila dozi ikivutwa. Achome mwenyewe, lakini macho mawili mengine yasome mistari ya sirinji. Kati ya 14 na 16, kuona mara moja kwa siku kunatosha, hasa ile ya jioni ambayo husahaulika. Kuanzia 17 mazungumzo mawili kwa wiki, kwa mpango mliokubaliana. Yapo ambayo hayakabidhiwi kabla hajajitegemea: akiba ya insulini, tarehe za kliniki, kuhifadhi, na siku za kuumwa. Baba naye ahusike. Kliniki nyingi huonekana kina mama tu, na mama anayebeba peke yake ndiye anayechoka mpaka akaanza kupiga kelele.

Kukiwa na mambo kumi yanayokwenda vibaya, chagueni moja kwa wiki mbili, alichague kijana. "Nitachoma kabla ya kula jioni" ni lengo. "Nitajitunza" si lengo, maana hakuna siku utakayojua limetimia.

Usiku, na habari ya majini

Hofu ya kushuka usiku ni msongo wa aina yake. Kijana aliyewahi kuamka amezungukwa na ndugu wanalia huanza kujiweka juu makusudi: anapunguza dozi ya jioni, anakula bila njaa, analala na 15 kwa usalama. Mzazi naye anaamka kila saa kumgusa kama ana jasho.

Huku kwetu kuna la ziada. Mtu ambaye sukari imeshuka sana hutoka jasho jingi, hupiga kelele, hakutambui, hukukodolea macho, pengine hushikwa na degedege. Watu wazima waliokulia pwani wakiliona hilo saa 9 usiku, neno la kwanza huwa "amepandisha," yaani majini. Sina ugomvi na kisomo. Kitaratibu, sukari itangulie. Kama anameza: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida mililita 150, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikipanda, ale kitu cha kukaa tumboni, kipande cha mkate au muhogo. Kama hamezi au hana fahamu, asinyweshwe chochote, hata kombe la kisomo, kwa kuwa kinaweza kuingia kwenye mapafu. Alazwe ubavu, apakwe asali au sukari iliyoloweshwa kidogo tu ndani ya shavu, na safari ya hospitali ianze.

Asubuhi yake ndipo msongo unapoamuliwa. Asisimuliwe kwa vicheko alivyokuwa akipiga kelele, na majirani wasihadithiwe. Tafuteni sababu: alicheza mpira jioni? Misuli iliyofanya kazi huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi, hata usiku kucha. Siku za mpira au za kuogelea Raskazone apime kabla, ale kitu kidogo, na asiingie majini peke yake. Akijua kwamba kulikuwa na sababu na ina kinga, analala.

Shuleni, na sindano mfukoni

Barua moja ya ukurasa mmoja, ipelekwe kwa mkuu wa shule na mwalimu wa darasa mwanzoni mwa muhula, inaondoa nusu ya shida. Iseme: aruhusiwe kutoka kwenda msalani na kunywa maji bila kuomba mara tatu, ale kwa wakati, abebe sukari na mashine darasani, akishuka asipelekwe mahali peke yake, na asipewe adhabu ya kuruka kichura au kukimbia uwanja akiwa anatetemeka. Iweke dalili zake mwenyewe, kwa sababu hazifanani. Mmoja hunyamaza, mwingine huwa mkali, na mwalimu asiyejua huona utovu wa nidhamu.

Kwa mitihani, apime nusu saa kabla. Chini ya 5, ale kitu kwanza. Ajue kwamba baada ya kushuka, sukari hurudi kabla ya akili. Umakini unaweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima kurudi, kwa hiyo asianze na swali gumu. Ruhusa ya kuingia na mashine kwenye chumba cha mtihani wa taifa iombwe mapema kupitia shule, si asubuhi ya mtihani.

La sindano linahitaji kusemwa wazi. Tanga inawajua mateja, na sirinji ikionekana kwenye begi la binti wa kidato cha tatu, minong'ono huanza. Kwa hiyo anachomea chooni, kwa haraka, anachomoa kabla ya kuhesabu hadi kumi, dawa inavuja. Au haichomi kabisa. Mwache avibebe vifaa kwenye kipochi kimoja pamoja na kadi ya kliniki, na mfanyie mazoezi ya sentensi fupi ya kumjibu yeyote: "Nina kisukari, hii ni dawa yangu." Aiseme nyumbani mara kadhaa mpaka iache kumtetemesha sauti. Achague rafiki mmoja au wawili wa kuwaambia. Si lazima shule nzima ijue. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, irudishwe kliniki ikijaa, isiende jalalani ambako waokota makopo watachomwa.

Wapo wazazi wanaomwambia binti afiche kwa sababu ya kuolewa. Naelewa wanachokiogopa. Lakini siri ya namna hiyo ina gharama inayoonekana kwenye HbA1c kila baada ya miezi mitatu, na mwanamume atakayemwoa bila kujua anaumwa nini atajua siku mbaya zaidi.

Ramadhani

Kwa familia za Kiislamu huu ndio mwezi mgumu kuliko yote, na ugumu wake mkubwa si wa kitabibu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza yuko kwenye kundi la hatari kubwa akifunga, na Qurani yenyewe, Al-Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa. Kijana anazijua zote mbili. Kinachomuuma ni kula uani akijificha wakati wenzake wanahesabu funga, na mdogo wake wa miaka kumi akijisifu amefunga.

Mwenye nyumba ndiye anayeweza kulimaliza, kwa kutangaza mapema, mbele ya wote, kwamba huyu ana udhuru na hana la kueleza. Kisha apewe nafasi nyingine ndani ya mwezi: kuandaa futari, tarawehe, kupeleka sahani kwa jirani.

Atakayesisitiza kufunga aende kliniki wiki sita hadi nane kabla, dozi zipangwe na daktari, zisigeuzwe nyumbani. Kupima kidole hakuvunji funga, na wanazuoni wengi wanasema hivyo hivyo kuhusu sindano ya insulini, kwa hiyo kisingizio cha kutopima hakipo. Afungulie mara moja akisoma chini ya 3.9, akipita 16.7, au akiugua, hata ikibaki robo saa magharibi. Hiyo robo saa ndiyo inayowaponza wengi. Kwenye futari, gramu 100 za muhogo uliochemshwa zina wanga gramu 35 hadi 40, na tende ndogo moja gramu 5 hivi. Sahani ya muhogo wa nazi, tende, uji wenye sukari na kaimati juu yake inaweza kupeleka sukari 20 kabla ya isha, pasipo mtu kula vibaya kuliko wenzake.

Inapokuwa zaidi ya uchovu

Kuchoshwa na kisukari ni kitu cha kawaida: hasira dhidi ya mashine, "kwa nini mimi," kuchukia kliniki. Mara nyingi hupungua mzigo ukigawanywa. Sonona ni kitu kingine. Inafuata mambo yote, hata yasiyohusu sukari: havutiwi na mpira wala simu, usingizi umeharibika, anajiona hana thamani, na inadumu wiki mbili au zaidi. Kliniki inaweza kutumia dodoso la PHQ-9, maswali tisa, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 anahitaji kuangaliwa zaidi.

Kingine ni kuruka insulini ili kupungua mwili, hasa kwa mabinti, kwa sababu insulini inayofanya kazi hurudisha uzito uliopotea. Kichupa kinasema. Mililita 10 zina uniti 1,000. Anayetumia 50 kwa siku anakimaliza siku ya 20. Siku ya 40 kikiwa bado kipo, nusu ya dawa haikuingia mwilini. Usikibebe kichupa kwenda nacho mbele yake kama kielelezo cha polisi. Sema, "naona dawa imekuwa ngumu siku hizi, niichome mimi kwa wiki hii upumzike," na umpeleke kliniki kabla ketoni hazijampeleka.

Akitamka kwamba amechoka kuishi, au angekuwa heri asiwepo, asiachwe peke yake, mtu mzima aishike insulini na kuitoa kwa dozi, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hapa mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo. Simu ya mtoto, namba 116, hupigwa bure, na kijana mwenyewe anaweza kuipiga.

Kwenye kliniki ya kawaida, ombeni mambo mawili. Kijana apate dakika kumi na daktari au sista mzazi akiwa nje, kila mara, kuanzia miaka 12 au 13. Yapo ya pombe, ya mpenzi, ya dozi zilizorukwa, ambayo hayatasemwa mbele ya mama. Na muulizeni sista kama vijana wawili watatu wa umri mmoja wanaweza kupangiwa tarehe moja. Watakaa kwenye benchi wakionyeshana mashine zao, na yule aliyesoma 19 atagundua kwamba mwenzake alisoma 22 juzi na hakuna aliyempigia kelele.